Mume Wangu Amempa Kaka Yangu Risasi Ninazoziogopa

Bi Mshauri mpendwa, nakuandikia kuomba msaada na tafadhali usiiweke barua hii chini ya nyengine, maana Jumamosi imekaribia na mimi nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Mimi ni mke wa mtu, tunakaa Hounslow, huku ughaibuni, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na mume wangu, nimwite Sufian ingawa si jina lake, yuko ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na tangu watoto wahame amepata mapenzi ya kuwinda, leseni ya polisi anayo, bunduki inakaa kwenye kabati la chuma, na kuna mwenye shamba mmoja huko Surrey anayemruhusu kupiga paa wanaomlia miche, basi Sufian huwachinja kwa bismillahi akaleta nyama, na watu wetu hapa wamemjua kwa hilo, harusi haipangwi mpaka aulizwe kama ataleta paa, wanamwita Fundi, nami nilifurahi kwa sababu mwanamme aliyepakia mizigo ya watu umri wake wote naye kapata kitu cha kuheshimiwa.

Risasi anajitengenezea mwenyewe, ananunua maganda, baruti na zile fataki ndogo za kuwashia, anapima kwa mizani juu ya meza ya jikoni, na siku zote nilimuona na kitabu wazi mbele yake kinachoeleza baruti gani itiwe kiasi gani, lakini juzi juzi baruti aliyoizoea haikupatikana dukani, akaja na chupa ya aina nyengine, nikamuona anapima bila kitabu, nikamuuliza, "Hii si ile ya kila siku, kipimo chake ni kile kile?" akanijibu, "Baruti ni baruti, Mardhiya. Wewe pika."

Jumapili nikafuatana naye uwanja wa shabaha, akapiga ya kwanza, na hata mimi niliyeziba masikio nikahisi bunduki imelia vyengine, akashika komeo, kile chuma cha nyuma kinachoifungia risasi ndani, ili atoe ganda, halifunguki, akalipiga kwa kiganja, halifunguki, akalipiga kwa kipande cha ubao, lilipokubali ganda likatoka na fataki imelala bapa kama iliyopigwa pasi na pembeni yake pana weusi wa moshi, na mzee mmoja wa kizungu wa meza ya jirani, Eddie, akaliokota akaligeuza akamwambia kwa upole, "Bwana, leo usipige tena. Presha humo ndani imepita kiasi. Hizo zote zifungue, umwage baruti." Sufian akashukuru, akacheka, akafunga vitu vyake, lakini tulipoingia garini akasema Eddie ni mwoga, huo ni uchafu tu ndani ya bunduki, na tulipofika nyumbani hakufungua hata moja.

Sasa sikiliza kinachoniondolea usingizi, kabla ya Jumapili hiyo alikuwa ameshampa kaka yangu Muhiddin wa Tooting boksi zima la risasi zile zile, kwa sababu bunduki zao ni za saizi moja, ila ya Muhiddin ni kuukuu, kainunua mkononi, na Jumamosi wanakwenda wote wawili kuwinda, nikamwambia Sufian nenda kazichukue, akasema, "Nimwambie nini? Kwamba Fundi hajui kupima? Na wewe ukimwambia kaka yako, jihesabu umeshachagua upande."

Muhiddin ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, kila nikifumba macho namuona kalaza shavu kwenye kitako cha bunduki na jicho lake liko nyuma ya komeo lile, nikafikiria kwenda kwake kwa kisingizio cha chai niziibe zile risasi nizitie majini, nikafikiria kuwapigia polisi, lakini watamnyang'anya Sufian leseni na atarudi kuwa mtu asiyeulizwa kitu, na hawezi kunisamehe, je ninyamaze nimwombe Mungu ipite salama, au niseme nivunje nyumba yangu?

Mardhiya, Hounslow

Mardhiya,

Nilipoifikia ile sehemu ya boksi la Tooting, niliacha kusoma nikatafuta namba yako. Wasomaji wajue kwamba jibu hili sehemu kubwa nilikupa kwa simu, siku ile ile, nawe umenikubalia kuliandika.

Nilikuuliza, "Namba ya Muhiddin unayo kwenye simu?" Ukaanza kunieleza habari za Sufian. Nikakukata kauli, na sikuombi radhi. Habari za Sufian zingeweza kungoja hadi kesho. Komeo la bunduki likipasuka mbele ya uso wa mtu hakuna kesho ya kungoja. Uliyaona mwenyewe: komeo limegoma, fataki imelala bapa, moshi umevuja mahali pasipotakiwa kuvuja. Bunduki ilikuwa inasema imezidiwa, na Eddie akaitafsiri kwa lugha ambayo mumeo anaielewa vizuri. Baada ya hapo unaniuliza kama unyamaze?

Ukaniambia, "Lakini Bi Mshauri, atasema nimemvua nguo." Nikakuambia aseme. Mume aliyekasirika unaweza kukaa naye chini mkazungumza. Na mume aliyempofusha shemeji yake, mtazungumza nini?

Ukampigia Muhiddin. Kisha ukanirudia ukilia, nami nikadhani tumechelewa. Kumbe hapana. Naomba kila msomaji mwenye bunduki, na asiye nayo, asome vizuri alichokuambia kaka yako: "Mbona nimeshazijaribu? Nilipiga mbili, komeo likagoma zote mbili. Sikutaka kusema, shemeji angeona haya. Nikasema Jumamosi nitazipiga hivyo hivyo nikiwa naye."

Kwa hiyo watu watatu mlijua. Mke alinyamaza kwa kumwogopa mume, shemeji alinyamaza kwa kumheshimu shemeji, na mwenyewe alinyamaza kwa kulinda jina. Jumamosi mngekwenda na adabu zenu zote mkamzika mtu.

Haya. Bunduki zote mbili zisipigwe hata mara moja, si kwa kuwinda wala kwa kujaribu, mpaka fundi bunduki mwenye sifa azikague, kwa sababu chuma kilichozidiwa presha kinaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho, na ile ya Muhiddin kuukuu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Risasi za chupa ile zikusanywe zote na zifunguliwe na mtu anayejua, kwa kifaa chake. Zisitupwe takatakani. Na wewe usiziguse, Mardhiya: leseni si yako, na habari ya kuziiba ukazitie majini iondoe kichwani, risasi inaweza kulowa na bado ikalia. Kama Sufian angekataa kuzikusanya, ningekuambia piga simu ofisi ya leseni za silaha, na ningekuambia hivyo hata kama mngeachana kesho yake.

Na wewe Sufian, najua unasoma. Baruti si baruti. Ipo inayowaka taratibu na ipo inayowaka kwa kasi, na kipimo kinachofaa kwa moja kinaweza kuirarua bunduki kwa nyengine. Ukibadilisha chupa unarudi kwenye kitabu, unaanza na kipimo cha chini kabisa, unapanda kidogo kidogo, na komeo likianza kuwa zito unaacha. Chupa moja tu mezani, nyengine kabatini. Na risasi uliyoitengenezea bunduki yako usimpe mtu mwingine, hata awe ndugu wa mkeo. Anayekupenda hatakuambia imemgomea. Umeshaona.

Mardhiya, uliniambia tangu ulipomwambia Sufian kwamba umezungumza na kaka yako hasemi nawe, anakula peke yake sebuleni. Usimbembeleze, na usiombe radhi kwa kuokoa mtu. Mtengee chakula chake, fanya kazi zako.

Maana jana alinipigia yeye mwenyewe. Alianza kwa ukali, ananiuliza nani kanipa ruhusa ya kuingia nyumbani kwake. Nikamwacha amalize. Halafu sauti yake ikashuka.

"Ni kweli Muhiddin alisema komeo lilimgomea?"

"Mara mbili," nikamwambia.

"Na bado alikuwa anakuja Jumamosi?"

"Bado alikuwa anakuja."

Nikasikia funguo za gari zikiokotwa. Kisha akasema anatoka sasa hivi kwenda Tooting kulichukua lile boksi, na akaniomba nisikuambie mpaka afike.

Sasa amesharudi, Mardhiya. Usimuulize walizungumza nini.