Wajukuu Wangu wa Pipani

Jumatatu, 3 Juni
Bwana afya amekuja uani kwangu, ninapotia nguo rangi. Viatu vyeupe! Akili hiyo. Ameona maji mekundu mferejini, akasema Ijumaa anarudi. Akikuta bado namwaga rangi, anafunga kazi. Nilianza kazi hii yeye hajaota jino.

Mjukuu wangu anasomea vijidudu chuoni. Namwita Profesa. Eti, "Bibi, niachie mimi."

Jumanne, 4 Juni
Profesa amechota tope jeusi la mferejini, lile linalonuka, akalitia kwenye pipa la maji yangu ya rangi. Na sukari yangu juu! Akafunika. Anasema humo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari, vinapata nguvu, vinaikatakata rangi mpaka inapotea. Vya hapa ni hodari zaidi, vimekulia kwenye rangi yangu.

Kumbe nina wajukuu wengine, nao wanakula bila kusema asante.

"Usifungue, Bibi. Havitaki hewa."

Wanataka sukari, hewa hawataki. Wageni gani hao.

Jumatano, 5 Juni
Sijafungua.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefungua. Kidogo tu.

Wekundu wangu wote umekwenda. Maji yamepauka kama chai ya mgonjwa. Mimi! Hakuna aliyewahi kuniambia rangi yangu imechuja. Mkono ukaenda wenyewe, kama siku zote pipa likipauka — kijiko kimoja cha unga wa rangi, nikakoroga vizuri kwa mti. Yakang'aa. Nikafurahi.

Halafu nikakumbuka.

Profesa aliporudi alichungulia. Akatazama vidole vyangu. Vyekundu kila siku, lakini leo alivitazama kama askari.

"Bibi, vijidudu vimetapika?"

Nikamwambia labda vimeshiba.

"Na mti umeloa wenyewe?"

Mtoto huyu sijui karithi wapi mdomo. Ameongeza sukari, akafunika. Huenda vitawahi kesho, huenda visiwahi. Tena rangi ikiisha kazi bado: maji yatiwe hewa kwanza, yapimwe, maana hata yakiwa meupe yanaweza kuwa na sumu. Nikasema sawa. Leo sikubisha.

Ijumaa, 7 Juni
Tangu alfajiri nimekaa juu ya mfuniko, mtu asifungue. Mtu mwenyewe ni mimi. Nimewaambia wa humo ndani: kuleni upesi, acheni uvivu, kazi ya bibi yenu inafungwa.

Bwana afya amefika. Viatu vilevile, amevipiga brashi. Anasema, "Mama, naomba uinuke nione."

Nimemjibu magoti yanauma. Kweli yanauma, ila si leo.

Profesa amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika kwa kicheko. Ananinong'oneza, "Inuka, Bibi, nami sijui yamekuwaje."

Nimewaambia wasubiri, naandika. Bwana afya anadhani namshtaki kwa mkubwa wake, amekuwa mpole ghafla. Amevuta kigoda, amekaa.

Chini yangu kuna kitu kinatoa povu, nakisikia. Nao wanakula.

Naandika polepole.