Sikio la Baba

Alhamisi, 3 Novemba 1938
Baba amekula nasi! Tangu aondoke ubalozini mwetu Ankara na kufanywa mkuu wa ujasusi wa nje, ni nadra. Nimemwuliza anamtambuaje mtu aliyejibadilisha sura.
"Masikio, Taisia. Ndevu hunyolewa, nywele hutiwa rangi. Sikio halidanganyi."
La kwake la kushoto lina pengo – aliumwa na bata bukini utotoni. Jumatatu atanipeleka kwenye gwaride la Mapinduzi.

Jumamosi, 5 Novemba
Baba hajarudi tangu jana. Simu yake ya ofisini inapokewa na mtu mwingine, anasema hamjui. Asubuhi wamekuja watu wawili, wakafunga chumba chake kwa lakiri nyekundu. Mama amewapa chai. Hawakuinywa.

Jumatatu, 7 Novemba
Gwaride tumelisikia dirishani. Mama amelala na koti la Baba.

Jumatano, 9 Novemba
Mwalimu Avgusta Petrovna amefungua albamu ya darasa, ukurasa wa Aprili, penye picha ya Baba alipokuja kutuhadithia Uturuki. Amesema sasa Baba ni adui wa umma. Uso wake upakwe wino.
Mwaka jana nyuso za majenerali waliotangazwa maadui nilizipaka mimi vitabuni, kwa vile mkono wangu hautetemeki. Hata babake Rimma, mwenzangu wa darasani, nilimpaka. Nikasifiwa.
Leo Rimma ameninong'oneza: "Wangu ulimpaka vizuri, hata ukosi hukuuchafua. Haya, shoga, kalamu hiyo."

Mwalimu ameagiza nipake Ijumaa mbele ya mkutano wa Chipukizi, ama nivue skafu yangu ya Chipukizi na kuacha shule. Mama amesema tu, "Paka, mwanangu. Baba yako angekuambia hivyo hivyo."

Ijumaa, 11 Novemba
Nimepaka. Macho kwanza, yasinitazame. Kisha mdomo. Mkono haukutetemeka – naona aibu.
Sikio la kushoto nimeliacha. Na pengo lake. Akirudi hata amebadilika vipi, nitamjua.
Avgusta Petrovna amekuja na karatasi ya kukaushia wino. Amelitazama sikio kwa muda.
"Umemaliza, Taisia?"
"Nimemaliza, Mwalimu."
Amelitazama tena. Akafunga albamu, akaitia mkobani mwake, akatuambia tuendelee na ajenda ya pili.
Skafu ningali nayo. Kengele ya kutoka imelia, Avgusta Petrovna ameondoka na mkoba. Kabatini, mahali pa albamu pako wazi. Sijui amelificha sikio la Baba, ama amelipeleka kwa wale watu wawili.