Nilimdanganya Mama Mkwe Kuhusu Hita, Sasa Ananiletea Jogoo

Mpendwa mshauri Mama Walburga,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uwe wa haraka, maana Jumapili baada ya misa ya pili mama mkwe wangu atanikabidhi jogoo mbele ya ukoo mzima kwa sababu nilimwokoa asife, kumbe aliyetaka kumuua ni mimi mwenyewe, ingawa sikukusudia, Mungu ni shahidi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mfaranyaki, Songea, nashona sare za shule na suti za arusi, jina langu ni Thadei lakini tafadhali libadilishe, na la mke wangu Suzana nalo libadilishe, kwa sababu kila Jumamosi Suzana humsomea mama yake ukurasa wako huu neno kwa neno na wanacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Mwezi wa tano Suzana alijifungua mtoto wetu wa kwanza, Noela, na kama ilivyo desturi mama yake, Mama Kunegunda, akaja kutoka Maposeni kumlea mzazi, akakuta baridi ndiyo inaanza, ile yetu ya mwezi wa sita na wa saba, ukungu unashuka kutoka milima ya Matogoro unaingia mpaka kwenye masufuria. Mama ana magoti mabovu. Nikasema hapana, mama mkwe hawezi kuganda kwa baridi nyumbani kwangu watu wakanicheka, nikaenda kwa Muhsini, yule mfanyabiashara mwenyeji wa Tunduru anayeuza vifaa vya umeme hapa mjini, nikanunua hita, siyo ile ya kupuliza upepo, hii ni ya kufunga ukutani, ndefu na nyembamba, ukiiwasha inakuwa nyekundu kimya kimya na joto lake linakupiga moja kwa moja kama jua la saa nne asubuhi, yaani haihangaiki na hewa ya chumba, inampasha yule aliye mbele yake tu, ukisogea pembeni hatua mbili umerudi kwenye baridi yako.

Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu mbele ya hiyo hita kuna kiti kimoja tu cha maana, na kiti hicho ni changu.

Desturi zetu unazijua. Mimi na mama mkwe hatutazamani usoni, hatukai chumba kimoja, hatupeani kitu mkono kwa mkono. Nikirudi nyumbani nakohoa nikiwa bado getini, yeye akisikia anajifunika kanga anatokea mlango wa nyuma. Miaka mitatu tangu nimwoe Suzana sijawahi kuiona sura ya mama yake vizuri, namjua kwa visigino. Kwa hiyo wiki ya kwanza ikawa hivi: Mama anaota joto, mimi nakohoa, anajikongoja na magoti yake kwenda jikoni nje kwenye manyunyu, mimi nakaa. Suzana akanuna. Akaniambia, "Baba Noela, ukikohoa tena hapo getini kabla Mama hajaenda kulala, nitakununulia dawa ya kifua na utainywa chupa nzima mbele yangu." Basi nikawa nakaa barazani nimejifunga blanketi, naangalia mpira kupitia dirisha, televisheni yangu mwenyewe, meno yanagongana, na wapita njia wananiuliza, "Vipi fundi, umefukuzwa?"

Mama Walburga, hapa ndipo ninapoungama. Siku moja nikamwambia Suzana amfikishie mama yake kwamba Muhsini amenionya, kwamba ile taa nyekundu ya hita inakausha damu ya watu waliovuka miaka hamsini. Muhsini hakusema kitu kama hicho. Nilikitunga mwenyewe nikipiga pasi suruali ya mteja. Suzana akanitazama kwa jicho la shaka, lakini akafikisha, na Mama, kwa vile kwake neno la mkwe ni kama waraka wa askofu, akaamini palepale, hakuisogelea tena ile hita, na mimi nikarudi kwenye kiti changu nikanyoosha miguu. Nilifurahi siku nne.

Siku ya tano, ilikuwa Jumanne mchana, manyunyu hayakatiki, Suzana kampeleka mtoto kliniki, mimi nikarudi nyumbani kuchukua kitambaa cha suti nilichokisahau. Nikakohoa. Kimya. Nikakohoa tena, kimya, halafu nikasikia harufu ya mkaa kwenye mlango wa chumba cha Mama. Nikapiga hodi mara tatu. Kumbe Mama alikuwa ameingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa kanga ili joto lisitoroke, akalala. Mshauri, nilisimama pale mlangoni na miiko yote ya Wangoni mabegani, chumba cha mama mkwe, mahali ambapo mtu haingii hata nyumba ikiungua, nikajiambia wewe Thadei, nyumba yenyewe ndiyo hii inaungua. Nikasukuma mlango, nikaingia kinyumenyume ili nisimwone, nikakanyaga beseni, nikaanguka, nikanyanyuka, nikafungua dirisha, nikaona kwa kinyumenyume hiki hatutafika popote, nikageuka, nikambeba mpaka barazani. Mikono yake ilikuwa legelege kabisa. Nikampepea kwa kitambaa cha suti ya bwana arusi huku nasali kila sala niliyofundishwa. Baadaye akavuta pumzi, akafungua macho, na kwa mara ya kwanza tukatazamana. Ana kidoti chini ya jicho kama cha Suzana. Akaniuliza, "Mkwe, umenibeba wewe?" Nikasema, "Ndiyo Mama, nisamehe." Yeye akacheka, mimi nikalia.

Tulimpeleka hospitali, wakamwekea oksijeni, akarudi mzima. Tangu siku hiyo ananiita kwa jina, ananitania, jana kaniambia, "Thadei, fundi gani wewe, suruali yako mwenyewe haifiki kwenye viatu?" Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili. Sikujua kama nilikuwa na njaa ya kutaniwa namna hiyo mpaka nilipotaniwa.

Sasa amewaita ndugu zake kutoka Maposeni, na Mzee Rupert aliyekuwa mshenga wetu, anataka Jumapili anipe jogoo na aseme mbele yao kwamba mwiko umefutwa na mimi ni mwanawe. Na anamsimulia kila mtu kwamba kosa ni lake, kwamba mkwe wake alimwonya vizuri tu kuhusu hita, ni ushamba wake mwenyewe wa kulala na mkaa! Akina mama wa jumuiya nao wameogopa hita. Juzi Muhsini kaja kwenye cherehani yangu amefura, anasema, "Fundi, bibi wawili wamenirudishia hita, eti zinakausha damu. Wallahi nikimjua anayeeneza maneno haya!" Nikamwambia simjui, pini zikiwa mdomoni.

Nifanyeje? Nikisema ukweli nitampoteza mama niliyempata mwezi huu huu. Nikinyamaza, kila akiniita mwanangu nasikia ile harufu ya mkaa. Na jogoo mwenyewe ameshafika, amefungwa mguu pale jikoni, ananitazama kila nikipita.

Ni mimi, Mkwe Mwenye Kikohozi, Mfaranyaki.

*

Mama Walburga anajibu:

Marahaba, Mkwe Mwenye Kikohozi. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nacheka, mara ya pili natafuta fimbo.

Hivi wewe, mwanaume mzima mwenye ndevu zake, unagombea kiti na bibi mwenye magoti mabovu aliyekuja kumwogesha mtoto wako? Huoni haya? Ulinunua hita kwa ajili yake, ukasifiwa, halafu ukamfukuza mbele ya hita hiyohiyo, kwanza kwa kikohozi, kisha kwa uongo. Desturi ilikuambia usimtazame mama mkwe usoni. Haikukuambia usitazame kama anatetemeka. Wazee wetu waliweka miiko hiyo ili mkwe aheshimiwe, wewe umeifanya kuwa filimbi ya kumtoa mtu kwenye joto. Na je, kama siku ile Suzana angemwachia bibi mtoto alale naye kidogo chumbani? Hapo tusingekuwa tunazungumza habari za jogoo.

Haya, nimemaliza kugomba. Au bado kidogo: damu ya mtu haikaushwi na hita ile. Joto lake ni kama la jua tu, nawe unajua bibi zetu wanavyopenda jua la asubuhi. Uongo wako ulikuwa wa kitoto, ila umetembea mji mzima na umemgharimu Muhsini wateja. Njia ya mwongo ni fupi, baba, na yako imeishia mlangoni mwa chumba kile.

Lakini pale mlangoni nakupa pole na nakupa hongera. Wengine wangekimbia kumwita jirani wa kike, na Mama angekufa kwa heshima zote. Wewe uliingia. Kinyumenyume, sawa, na beseni ukalikanyaga, lakini uliingia. Aliyedanganya ni wewe na aliyembeba ni wewe, na Mama ana haki ya kuwafahamu wote wawili kabla hajamwita mmoja wao mwanawe.

Unaogopa utampoteza. Mwanangu, mama ambaye anazinduka kutoka kwenye moshi wa mkaa na jambo la kwanza anacheka, huyo hatashindwa na ukweli wako. Atakasirika, ndiyo. Atakusema mpaka masikio yapate moto bila hita. Kusemwa na mama ndiyo hivyo kulivyo, na wewe ulikosa tangu darasa la pili, basi kaa chini upokee. Kitakachokupotezea huyu mama ni kupokea jogoo huku umenyamaza, halafu siku moja akayasikia haya kutoka kwa Muhsini sokoni.

Tena usijidanganye kuhusu Suzana. Mwanamke aliyekutazama kwa jicho la shaka anajua nusu ya habari tayari. Mwambie yeye kwanza nusu iliyobaki. Kisha mfuate Mzee Rupert, mshenga wenu. Kazi ya mshenga haikuisha siku ya arusi. Maneno mazito kama haya ndiyo yake. Aende mbele kufungua mazungumzo, lakini asiseme kwa niaba yako. Ulidanganya kwa mdomo wa mkeo, kuungama uungame kwa mdomo wako. Na usiende mikono mitupu. Wewe ni fundi, una cherehani na una vitambaa. Mshonee Mama koti zito la kuvaa jikoni. Ukimaliza, rudi kwenye hiyo suruali yako uishushe pindo.

Kwa Muhsini nenda leo leo, umtake radhi, na wiki ijayo upite nyumba kwa nyumba kwa akina mama wa jumuiya ukiufuta uongo wako kama ulivyoenea. Ukitoka hapo, umuulize Muhsini ile hita ya nje isiyoogopa manyunyu, uifunge barazani juu, ukae na mpira wako na majirani wako. Akikuuzia kwa bei ya mwongo, lipa.

Hita ya ndani ni ya Mama mpaka mwezi wa tisa, pamoja na kiti. Mwite fundi umeme aitazame kama imefungwa juu inavyotakiwa, mbali na pazia, kwenye soketi yake yenyewe, siyo kwenye ile waya ya kuunga unayotumia kwa pasi. Na nguo mbichi za wateja usizianike mbele yake, nawajua mafundi. Jiko la mkaa lisivuke tena kizingiti cha chumba cha kulala, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu na moshi hauonekani. Moshi huo usioonekana ndio mbaya zaidi, kwa sababu haukohoi kabla ya kuingia.

Jambo la mwisho. Uliniomba nibadilishe majina nami nimeyabadilisha yote, hata la mtoto. Lakini hebu fikiri: mafundi cherehani wangapi wa Mfaranyaki wameingia chumbani kwa mama mkwe kinyumenyume mwezi huu? Gazeti hili linafika Songea Jumamosi asubuhi. Suzana ataanza kumsomea Mama ukurasa wa mbele, atapita kwenye matangazo ya vifo, atafika hapa. Kwa hiyo wewe unayesoma mstari huu una muda wa kunywa chai kikombe kimoja, na chai yenyewe ningekushauri uiache. Inuka, Mzee Rupert atakukuta huko, na koti utalishona baadaye. Ukifika getini usikohoe.

Akikusamehe, na nadhani atakusamehe, jogoo achinjwe Jumapili mle wote, Muhsini naye aalikwe na ndiye achinje ili naye ale. Kwa kawaida firigisi huwekewa baba mwenye nyumba. Safari hii usiiguse. Iweke kwenye sahani, umpelekee Mama pale mbele ya hita, umpe mkono kwa mkono, ukimtazama usoni.