Nyota Nne na Nusu kwa Mwiba

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na yule jirani yako mshona viatu ameacha kukufunga kwenye drafti. Mimi ni mzima, ukiacha mafua ambayo yamenizoea kama mpangaji. Barua yako ya mwisho niliisoma kwa shida. Baba, huo mwandiko ni wako au ulimwachia kuku kalamu?

Hutaki kukanyaga ukumbi wa mieleka, lakini uhondo unautaka. Haya basi, onyesho la Jumamosi mchana, pambano kwa pambano. Ni kama nilivyoliandikia gazeti, ila wewe nakupa na yale ambayo mhariri hukata.

La kwanza, Kasuku na mgeni mmoja anayejiita Profesa. Nyota mbili. Huyo Profesa anaanguka kabla hajapigwa. Ngumi bado iko njiani, yeye keshalala. Watu wa viti vya nyuma wakaanza kuongea mambo yao.

La pili, wanawake, Bi Mkubwa na Sindano. Nyota nne. Sindano alikosea hatua akawa anakwenda kuangukia nje ya ulingo. Bi Mkubwa akamdaka kiuno, akamrudisha mahali pake huku akijifanya anamnyonga. Watu wakamzomea kwa ukatili. Mimi nilikukumbuka wewe, ulivyokuwa ukisema anayeangusha na anayeangushwa ni mafundi wawili wa kazi moja.

La tatu, mapacha. Nyota tatu, na hizo ni kwa huruma.

La nne, mwanao. Najua mwaka wa pili huu hamsemezani, tangu ulipomwambia aache mieleka naye akakujibu kwamba unataka jina liwe lako peke yako kwenye ukoo. Lakini pambano lake siliruki. Mwiba na Mwashi, nyota nne na nusu. Dakika ya nane Mwashi alimwinua juu akambwaga. Mdogo wangu alipoinuka hakushika shingo wala hakulia. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia, akawa anaukung'uta kama mtu anayekausha maji. Alitaka kushika kamba akaikosa, akaikosa tena, mara ya tatu akaishika kwa kushoto. Alimaliza kwa mkono mmoja na akashinda kama ilivyopangwa. Ukumbi mzima ulinyamaza. Gazetini nimeandika: "Mwiba sasa amejifunza kuumia." Ile nusu nyota nimembania asije akavimba kichwa.

Tarehe 9 Machi anagombea mkanda, na Mwashi huyohuyo.

Binti yako

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile na mshona viatu kanifunga mara tatu wiki hii, tena anaiba. Mafua yako yatibu, usiyafuge.

Huyo Profesa mwambieni afumbue macho. Mtu huanguka mapema kwa sababu anafumba macho. Bi Mkubwa mpe nyota ya tano, nimesema mimi.

Sasa pambano la nne. Nimelisoma mara tano, na mara ya tano sikuketi.

Mtu anayeigiza maumivu huwaonyesha watu panapouma. Akishika shingo akapiga kelele, ujue shingo haina kitu. Ndiyo kazi yake hiyo, mtu wa kiti cha mwisho naye aone. Aliyeumia kweli huficha. Na kamba, mwanangu, hakuna anayejifunza kuikosa. Kamba ndiyo somo la siku ya kwanza. Mimi mpaka leo ukinizungusha nikiwa nimefungwa macho nitakuonyesha ilipo. Asingeikosa mara mbili kwa kuigiza. Hilo hakuna aliyemfundisha.

Nenda kwake. Usimuulize kitu. Mtazame anavyoshika vitu vidogo, ufunguo, kalamu, kijiko. Niandikie upesi.

Baba yako

17 Februari

Baba,

Shikamoo. Nilikwenda.

Chumba chake ni kilekile, juu ya karakana ya matairi. Tulifika mlangoni pamoja. Akanipa ufunguo: "Fungua wewe, hiyo kufuli ina wenge." Kufuli haikuwa na wenge wowote, ilifunguka mara moja. Chai aliikoroga kwa kushoto, na kikombe akakibeba kwa mikono miwili kama mgonjwa. Nikajikaza nisiulize, nikashindwa. Nikamwambia, "Huo mkono una nini?"

Akaja juu. "Gazetini umeandika nimejifunza kuumia. Hapa unaniambia nimeumia. Chagua moja, dada."

"Twende hospitali."

"Nikishachukua mkanda. Nani kakutuma, mzee? Mwambie wivu haujengi."

Kutoka pale nikaenda kwa promota. Nilimwambia Mwiba hawezi kupanda ulingoni tarehe 9. Akacheka mpaka akafuta macho. Meza yake ina kioo, na chini ya kioo ameweka uchambuzi wangu, ameukata vizuri kwa mkasi. Akanisomea mstari wangu mwenyewe. "Kajifunza kuumia. Umeandika wewe huyo. Sasa kama hata wewe kakudanganya, si ndiyo ubingwa wenyewe?"

Miaka sita nagawa nyota, Baba, na siku mdogo wangu alipoumia mbele ya macho yangu nilimpa alama. Naona haya mpaka kukuandikia.

Nifanye nini?

Binti yako

24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Acha kujilaumu. Wanamieleka tunakula kwa kuwadanganya watu kama wewe, na kaka zetu, na wake zetu. Mwenye kosa hapa ni mimi, na kosa lenyewe ni hili.

Nilimkataza mdogo wako bila kumwambia sababu. Sababu ninayo mwilini mwaka wa kumi na nane huu. Nilibwagwa vilevile kama yeye. Vidole vya mkono wa kulia vikafa ganzi. Nikaficha wiki tatu, kwa kuwa kulikuwa na pambano kubwa na nilijiambia hili moja tu. Nikapigana, na vidole havijarudi mpaka leo.

Mnakumbuka mama yenu alivyokuwa akinifunga vifungo vya shati kila asubuhi, nanyi mkitucheka kwamba wazee wanadekezana? Sikuwa nadekezwa. Nilikuwa siwezi. Tangu atutoke nimevaa fulana, nanyi mkadhani baba amependa ujana. Na mwandiko wa kuku unaoucheka ni wa mkono wa kushoto, nilijifunza kuutumia nikiwa mtu mzima, nimejificha jikoni na daftari la shule la mdogo wako.

Niliona aibu. Watu waliponiita Gogo walimaanisha haliinami. Ningewaambiaje watoto wangu kwamba gogo halifungi kifungo?

Msomee barua hii. Yote, hata ya vifungo.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Sikuwa najua. Nimekaa na barua yako siku nzima kabla ya kuipeleka, na sitaandika hapa nilivyolia.

Nilimsomea yote. Kwenye vifungo akageukia dirishani, chini mafundi wakigonga matairi, na mabega yake yakawa yanatikisika. Baadaye akasema, "Mbona hakuniambia mimi? Miaka miwili ananiita mkaidi tu. Angeniambia hivi, ningemsikia."

Nikadhani tumemaliza. Akajifuta uso akasema atapigana. Mwashi amemwahidi kumtunza, atamwinua mara moja tu, basi. Akijitoa sasa, vijana wote wa ukumbini watamwita mwoga. "Hili moja tu, dada." Kwa maneno yako yaleyale, Baba, na hakuyasikia yanapomtoka.

Barua hazimshiki tena. Najua uliapa hutaingia ukumbini. Nakuomba uje. Zimebaki siku saba.

Binti yako

23 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yangu ya tarehe 2 hukuijibu kwa kalamu, na sikulaumu.

Mgonjwa wetu anaendeleaje hapo nyumbani? Mwambie ile kola ya shingo asiivue hata akiwashwa, daktari amesema wiki kumi. Nasikia jana alitembea mpaka kwa mshona viatu na kurudi. Nimefurahi sana. Nyumba yangu imekuwa kimya tangu mlipoondoka, hata mafua yamehama.

Nimekuahidi uchambuzi wa kila onyesho, na hili la tarehe 9 bado ninalo deni. Matatu ya kwanza nayaruka. La nne naliandika jinsi nilivyoliona kwenye kiti changu, safu ya pili, daftari magotini.

Dakika ya sita Mwashi alimwinua mara ile moja waliyoahidiana. Alimweka chini kwa upole, niliona. Lakini Mwiba alitua bila kuutanguliza mkono, akalala chali. Mwashi akasubiri, kisha akainama amwinue ili waendelee. Hapo ndipo ukatokea. Sikujua hata kama umefika mjini. Mzee wa fulana anaparamia kamba, walinzi wawili wanamvuta suruali, na watu wa makamo wanaanza kuita: "Gogo! Gogo!" Mwashi alikutazama usoni, akarudi nyuma mikono juu akijifanya anakuogopa. Ukamlalia mwanao kifua kwa kifua, ukamkumbatia kichwa kwa mikono miwili. Mwamuzi hakujua afanye nini, akahesabu. Moja, mbili, tatu! Baba kamshinda mwana, ukumbi ukaripuka.

Halafu hukuinuka. Ulikuwa unarusharusha miguu kama kobe aliyepinduliwa, na watu wakavunjika mbavu. Mimi nikaandika kwenye daftari, na maneno bado yapo: "Mzee kashindwa kuinuka. Kichekesho safi." Nilicheka, Baba. Nilicheka kwa sauti.

Nilikuja kuelewa mwamuzi alipopandisha mikono akaikutanisha juu ya kichwa kama msalaba. Hiyo ni ishara ya kwamba mtu ameumia kweli, haiigizwi. Daktari aliniambia mfupa wa shingo ulikuwa umepasuka tangu lile pambano la Februari, na kwamba kama mtu angemwinua, au kama angejigeuza mwenyewe, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Miguu yake ilirudi siku ya tatu kwa sababu kuna mtu alishika kile kichwa kisisogee mpaka machela ilipofika.

Mara mbili, Baba. Mara ya kwanza nilimpa nyota, mara ya pili nilicheka. Nimemwambia mhariri atafute mtu mwingine. Mtu asiyeweza kutambua ndugu yake anavunjika hana haki ya kukaa safu ya pili. Naomba unisamehe, na umuombe naye anisamehe.

Binti yako

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mdogo wako anakula kama mchwa na tayari ameshaanza kubishana nami, kwa hiyo afya imerudi.

Uchambuzi wako tumeusoma wote wawili, yeye kwa sauti, mimi nikimsahihisha. Una makosa sehemu moja, nami nakurekebisha kama mzee wa kazi.

Umeandika nimeshindwa kuinuka. Sikushindwa. Nilipomlalia aliniambia sikioni, "Baba, miguu siisikii." Nikamwambia, "Tulia, tunamalizia onyesho." Sasa sikiliza jambo ambalo kwenye kiti huwezi kulijua. Mwanamieleka aliyelala chini hausikilizi mwili wake, anausikiliza ukumbi. Watu wakiwa na kelele, anajua kazi inakwenda, anatulia. Watu wakinyamaza ghafla, anajua limetokea jambo, na atataka kuinuka hata kama kavunjika mara tatu. Mimi niliinuka hivyo siku ile yangu. Kimya ndicho kilichoniinua.

Nilikuwa na mikono miwili tu, mmoja wenyewe haufai, na yote iko kichwani kwake. Miguu ndiyo ilikuwa huru. Nikairusha. Nilitaka mcheke. Nilikuwa naomba mcheke, wewe na ukumbi mzima, na msinyamaze mpaka machela ifike. Ulipocheka kwa sauti ulikuwa umemshika mdogo wako pamoja nami, ila hukujua tu.

Basi mwambie mhariri umerudi kazini. Onyesho lijalo tunalisubiri hapa, pambano kwa pambano.

Mdogo wako ameniamuru niandike na hili. Anasema alikuwa anaogopa mpaka alipokusikia. Kicheko chako anakijua tangu utotoni, hakifanani na cha mtu. Alipokisikia naye akacheka, kidogo, pale chini yangu. Nilikihisi kifuani kwangu, ndipo nikajua mwanangu bado anapumua.

Baba yako