Nimekubali Kupasuliwa Tena

Mdogo wangu,

Mimi sijambo. Bati lililokuwa likivuja nimeliziba, na yule kuku wako ametotoa.

Zile nyama za kizazi zimeota tena nje ya kizazi. Daktari alisema nichague: niendelee na vidonge au nipasuliwe mara ya pili, na hata nikipasuliwa zinaweza kurudi. Nikamjibu vidonge vinatosha, kazini nabeba kama kawaida.

Jana saiti nikawasimulia wenzangu. Mama Kokoto akanicheka. "Kawaida ipi, shoga? Tangu mvua zianze karai lako la zege tunabeba sisi. Wewe umekaa tu unachekecha mchanga!"

Wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka nikashika tumbo. Kumbe walikuwa wananipokea mzigo kimyakimya, nami nikadhani nimepata nafuu.

Asubuhi nimemwambia daktari anipasue. Moyo umetulia. Mara ile marehemu shemeji yako alitetemeka kuliko mimi, na safari hii hayupo, kwa hiyo njoo wewe Jumapili. Ila usilie wodini. Mara ile manesi nusura wakulaze wewe.

Ni mimi dada yako, nakungoja.