Mkoba Wangu Begani

Dada mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini hujambo na masomo hayakuchoshi mno. Sisi tu wazima. Mama bado anashinda hospitalini na wagonjwa wake, na Baba bado anatafuta miwani huku ameivaa.

Nina jambo linanizunguka kichwani, na wewe ndiye ambaye hutanicheka.

Unaikumbuka kanuni ya maktaba ya shule: mkoba unaachwa kwenye rafu ya mlangoni, na kila kitabu kinachotoka kinaandikwa kwenye kadi. Wiki iliyopita atlasi kubwa ilipotea. Mkutubi akamwita mwenzangu wa darasani, yule tunayemwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Mama yake ndiye anayefagia madarasa. Mkutubi aliumwaga mkoba wake wote mezani: madaftari, rula iliyovunjika, kitana. Atlasi haikuwemo. Hata hivyo akampiga marufuku kuingia maktaba hadi ipatikane, eti watu wa usafi wana funguo za kila chumba. Mtihani uko wiki mbili mbele, na Chiriku hana kitabu hata kimoja kwao.

Tulipotoka nilimshauri kwamba angejieleza kwa upole angeeleweka. Akaniuliza kama mimi huwa naacha mkoba mlangoni. Nikasema bila shaka.

"Lini, Miwani? Nitajie siku moja tu."

Nikaitafuta siku hiyo, Dada. Sijaipata mpaka leo. Hakuna aliyewahi kuniruhusu kupita na mkoba. Napita tu, na mkutubi ananiuliza Mama hajambo.

Jioni ile niliinama kutafuta kiatu, nikaikuta atlasi chini ya kitanda changu. Niliichukua bila kadi, kama ninavyochukua vitabu vyote, nikaisahau.

Kesho yake niliirudisha. Mkutubi alicheka, akasema sisi watu wa vitabu ndivyo tulivyo, nimsalimie daktari. Nilipomtaja Chiriku, akasema haya, aje, ila mkoba wake ataendelea kuukagua.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Mkoba wa Chiriku ulipokuwa ukimwagwa, nilinyoosha shingo nione. Dada, nilikuwa naingoja atlasi itoke mle. Kwa nini? Hajawahi kuchukua hata kifutio changu.

Jana niliuacha mkoba rafuni kama wengine. Mkutubi akauchukua na kuniletea hadi mezani, usije ukaibwa. Chiriku aliona yote. Aliinua nyusi tu, akaendelea kusoma. Nami nikasema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Wewe ulisoma hapahapa. Ulikuwa ukiuacha wapi mkoba wako? Tafadhali fikiri vizuri kabla hujajibu.

Mama na Baba wanakusalimu. Jitunze, na uvae sweta.

Ni mimi mdogo wako,
Miwani