Video ya Baba Inaganda Kabla Hajasema

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, Busia yote ni tope, na mimi sina nguvu hata ya kuanua nguo nilizozisahau nje.

Nimeshindwa. Naanza na hilo ili nisijidanganye nikiendelea kuandika.

Kwenye kompyuta yetu ya nyumbani, ile ya mezani ambayo mume wangu aliinunua ikiwa tayari imetumika, kuna video ya siku ya mahari yangu, kwetu Tororo, upande wa Uganda. Baba anasimama mbele ya wageni na kuongea. Binamu yangu ndiye aliyeirekodi, kisha simu yake ikaibiwa Malaba. Nakala nyingine haipo popote.

Baba yuko hai. Yuko chumba cha pili, anaisikia mvua kama mimi. Lakini tangu apigwe na kiharusi hajatamka neno. Na huyu alikuwa mtu wa sauti! Ndiye aliyezunguka vijijini na kipaza sauti kwenye pikipiki akitangaza misiba na siku za mnada wa ng'ombe. Kule kwetu wengi waliijua sauti yake kabla ya kumwona. Sasa yeye na Mama wako kwangu, upande wa Kenya, ili awe karibu na kliniki ya mazoezi.

Wiki hii muuguzi wa kliniki alituambia kwamba mgonjwa akiisikia sauti yake mwenyewe, wakati mwingine kitu huamka. Wakati mwingine. Mimi nilichosikia ni "huamka" tu.

Basi Jumatano nikaifungua video. Sauti za wageni zikaja, picha ikawa nyeusi. Nikasoma mtandaoni hadi macho yakauma, nikapakua programu nyingine ya kuchezea video, na picha ikatokea. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Hema lile hapo. Akina mama waliovaa magauni ya gomesi hao hapo. Baba anainuka, anapokea maikrofoni, anakohoa kidogo kusafisha koo.

Kisha anaganda, mdomo nusu wazi. Ujumbe unatokea kwamba faili haliwezi kuchezwa.

Nilizima kompyuta nikaiwasha. Nikasasisha kila kilichotaka kusasishwa, bando likaisha, nikanunua lingine. Nikajaribu kuruka mbele ya pale inapokwama, ikanirudisha mwanzo. Nikajaribu kuibadilisha iwe faili la aina nyingine, ikagoma. Nikajaribu kuinakili kwenye flashi niichezee kwenye simu, na unakili ukasimama katikati kila mara. Ndani ya kompyuta kukawa na mlio, tik, tik, kama kucha kwenye bati. Nikadhani ni feni. Nikaendelea.

Jana niliibeba hadi kwa Wafula, fundi wa kompyuta mjini. Aliisikiliza kabla hata hajaiangalia.

"Dada, shida si video. Ni hard disk inakufa. Kila ukilazimisha isome, unaimaliza."

"Nimelazimisha tangu Jumatano," nikamwambia.

Aliifungua, akaitoa diski, akaiunganisha na mashine yake, nami nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikiomba kimoyomoyo. Alichoweza kuokoa ni ule mwanzo tu, hadi pale Baba anapokohoa. Baada ya hapo hakusomeki. Aliniambia pole kama mtu anayetoa rambirambi.

Leo mchana nimemwekea Baba hicho kipande. Sijui nilitarajia nini.

Mama alikaa kando yake. Mama ni Msamia na Baba ni Mjapadhola. Walikutana sokoni, na nyumbani kwetu Kiswahili cha mpakani ndicho kilichoshinda. Baba alijitazama akiinuka, akajitazama akipokea maikrofoni. Picha ilipoganda, alingoja. Sote tulingoja.

Kisha akanyanyua mkono wa kushoto, ule ulio mzima, akafungua mdomo. Ikatoka sauti nzito, ndefu, isiyo na neno hata moja ndani yake. Akajaribu tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

Alikuwa anataka kuimalizia hotuba yake.

Mama akamfuta mdomo kwa leso. "Tumesikia, mzee," akamwambia. "Watu yote imesikia."

Baba akatikisa kichwa. Hapana. Alijua hatujasikia kitu. Akageuza uso ukutani na mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikafunga ile video kwa haraka, kana kwamba kuifunga kungesaidia.

Baadaye nilimfuata Mama jikoni, nikamuuliza siku ile Baba alisema nini. Nilifikiri yeye angalau anakumbuka.

"Mimi nalikuwa kwa masufuria, nagawa chakula," akasema. "Nasikia watu nacheka tu. Si wewe ndiye nalikuwa karibu?"

Sikuwa karibu. Nilikuwa nimefichwa ndani na mashangazi, nikingoja kuitwa nje. Ndiyo maana nilimwomba binamu arekodi. Wageni walicheka kwa maneno ya Baba kuhusu mimi, na mimi sitayajua.

Mume wangu anasema huenda Nairobi kuna watu wenye mashine kubwa zaidi. Nimemwitikia tu. Wafula alishanieleza hali ya ile diski, na niliusikia ule mlio kwa masikio yangu.

Baba amelala sasa. Mvua bado. Muuguzi alisema tuanze na neno moja, fupi, la kitu anachokihitaji kila siku. Sina matumaini makubwa, naandika hapa ili nisijifanye ninayo. Kesho asubuhi nitashika kikombe mbele yake, nitamwambia, "Baba, sema maji." Kisha nitangoja.